Gazeti Likikaa Kimya: Namna ya Kulidai Majibu Nchini Kenya

Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilisema kwamba tangu maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha, ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya watu kutekwa nyara, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko. Taarifa kama hiyo, ikitoka kwa tume ya kikatiba, humwondolea mhariri kisingizio cha kukosa chanzo. Ukitaka kukishtaki chombo cha habari kwa kunyamaza, anzia hapo: onyesha kwamba habari ilikuwa mezani kabla gazeti halijaenda mitamboni.

Malalamiko mengi huanguka kwa kukosa hilo. Mtu anaandika "mnaficha ukweli", anaambatanisha video ya TikTok, kisha anamtukana ripota. Ripota hapangi kurasa, na huenda yeye ndiye aliyeleta habari ikakatwa.

Fungua jedwali. Chagua suala moja, vyombo vitatu na wiki mbili. Kila siku jaza: chanzo rasmi kilitoa nini na saa ngapi, chombo kilichapisha au kutangaza nini, ukurasa na idadi ya aya, au dakika na sekunde, nani alinukuliwa. Chanzo rasmi ni kama KNCHR, IPOA (mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi), agizo la mahakama, au kumbukumbu za Bunge (Hansard). Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Jumanne, saa tano asubuhi, mahakama yaagiza polisi wamlete mtu aliyekamatwa. Taarifa ya saa moja usiku: hakuna. Gazeti la Jumatano: uk. 12, aya 3, msemaji wa polisi pekee."

Safu ya walionukuliwa ndiyo yenye uzito, maana kimya cha siku hizi kina maneno mengi. Utasoma kwamba kijana "alifariki kutokana na jeraha la risasi wakati wa makabiliano", na hakuna aliyefyatua. Msemaji wa polisi amepewa aya nne, familia hata moja hakuna. Hapo huhitaji kubishana kuhusu nia ya mhariri. Kanuni za maadili ya uanahabari zinataka pande zote zisikike inapowezekana.

Kurasa za tovuti hubadilishwa kimyakimya, kwa hiyo hifadhi nakala kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za tovuti, siku hiyohiyo, na upige picha ya skrini inayoonyesha anwani na saa. Majina ya mashahidi yasiingie kwenye jedwali utakalosambaza.

Usichanganye aliyenyamaza na aliyenyamazishwa. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano mubashara, na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa kabla Mahakama Kuu haijasimamisha amri hiyo. Pengo la siku hiyo si kosa la vituo hivyo. Liweke pembeni ukihesabu, la sivyo mhariri atalitumia kuangusha jedwali lako zima.

Kuna pia suala la pesa. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali, na vyombo binafsi vilijua ujumbe ule ulimlenga nani. Unaweza kuhesabu matangazo ya serikali katika toleo unalolalamikia, lakini yatumie kuuliza swali. Ukidai ni hongo utadaiwa ushahidi, na huna.

Barua ya kwanza iende kwa mhariri mkuu, au kwa mhariri wa umma, anayepokea malalamiko ya wasomaji, kama chombo kinaye. Ukurasa mmoja, jedwali nyuma yake, swali moja: kwa nini habari hii, iliyotolewa saa fulani, haikutoka? Weka siku ya mwisho ya kujibiwa. Barua 200 zenye maneno yaleyale huishia kusomwa kama moja.

Usipojibiwa, nenda kwa Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari. Sheria ya Baraza ya 2013 inataka lalamiko la maandishi litaje msingi wake, madhara uliyopata na unachotaka kitendeke. Kinachowashinda wengi ni hayo madhara. "Wakenya wameumia" haitoshi. Walalamikaji wenye nguvu ni familia ya aliyetoweka, au kikundi kilichopeleka taarifa ikapuuzwa, kwa hiyo kama si wewe, wasaidie wao kuandika.

KBC ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 34(4) cha Katiba kinataka vyombo vya serikali visiegemee upande na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Zaidi ya hayo, ni shirika la umma, kwa hiyo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili, bila kutoa sababu, maagizo yoyote ya maandishi kuhusu kuripoti maandamano. Wana siku 21 za kujibu. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikataa, una siku 30 kupeleka ombi la mapitio kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Katika sehemu ya unachotaka kitendeke, usidai kuombwa radhi. Radhi huchapishwa kwa herufi za sisimizi. Omba habari yenyewe iandikwe, familia ikinukuliwa, katika ukurasa uleule aliopewa msemaji wa polisi.