Wiki nne za residensi ya wasanii kijiji cha pwani, nilivyookoa kazi yangu

Wasanii wenzangu wananiuliza sana nilimalizaje ile residensi nikiwa na kazi mkononi, maana wiki ya kwanza niliwapigia wengine simu nikilia, kwa hiyo leo nayaandika yote.

Kwa asiyejua, residensi ni msanii unapewa pa kulala na pa kufanyia kazi kwa muda fulani ili utulie na kazi yako tu. Mimi nilipewa wiki nne kwenye kijiji kidogo cha wavuvi, ukanda wa joto, bahari iko hapo mlangoni. Kwenye maombi niliandika nitachora picha kumi na mbili za rangi za maji, na niliandika hivyo nikiwa mbali kabisa na bahari, hewa yake siijui.

Siku ya tatu karatasi zikaanza kujikunja. Nilikua nimebeba karatasi nzuri za pamba, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, zile zinazopakwa jelatini (aina ya gundi ya wanyama) kiwandani ili zisinywe maji haraka, kumbe kwenye unyevunyevu ule jelatini ndio chakula cha ukungu. Siku ya saba nafungua boksi nakuta vidoa vya kijivu kila kona. Na zile zilizopona, ukipaka rangi haikauki, unakaa lisaa unaangalia karatasi ina maji vilevile. Usiku ule niliandika barua pepe ya kuomba niondoke mapema, ila sikuituma.

Kesho yake natembea ufukweni nikaona mwani umetupwa na mawimbi, umelala juu ya mchanga umejichora wenyewe kabisa, ndio nikakumbuka kwenye begi nina pakti mbili za kemikali za sayanotaipu ambazo nilibeba nijaribu siku moja tu. Hii ni njia ya kuchapisha picha kwa jua, bila kamera, aliigundua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins akaanza kuchapisha nayo mwani wa Uingereza. Yani mwani na jua, vyote ninavyo, nilikua nashindana na hali ya hewa ya mahali badala ya kuitumia.

Mchanganyiko wenyewe ni hivi: feriki amonia sitreti gramu 25 kwenye maji mililita 100, potasiamu ferisianidi gramu 10 kwenye maji mililita 100 chombo kingine, ukitaka kutumia unachanganya sawa kwa sawa, unapaka sehemu yenye mwanga hafifu, unakausha gizani, halafu unalaza kitu chako juu unatoa juani, ukiosha palipopigwa na jua panabaki bluu nzito na palipofunikwa panabaki peupe.

Unyevu ulinisumbua huku pia. Nilipaka usiku nikijua asubuhi nakuta pamekauka, asubuhi nakuta pameshaanza kugeuka bluu penyewe kabla ya kuona jua. Nikaacha karatasi nikahamia kitambaa cha pamba, shuka jeupe nimelikata vipande, napaka alfajiri, nakausha kwa feni dirisha limezibwa, natumia siku hiyohiyo. Halafu ile chupa ya sitreti nayo hua inaota ukungu, kwa hiyo usikoroge nyingi, koroga ya siku mbili tatu basi.

Sasa maji. Hapa ndio nilijifunza adabu. Sayanotaipu inataka kuoshwa sana, na mimi nilikua nachota kisimani bila kufikiri mpaka mama mmoja jirani akasimama akaniuliza, "mwanangu, maji haya tunayoyapangia foleni ndio unaoshea mashuka?" Hakugomba, aliuliza tu, ila niliumia sana. Nikajaribu ya bahari, bluu ikafifia ikawa kama imechujuka, sababu maji ya bahari yana ualkali kidogo, kama magadi, na hii rangi haipatani na alkali. Mama yuleyule ndio akanionyesha pipa chini ya bati, akaniambia mvua za jioni zinalijaza hili na halinywewi. Maji ya mvua yana asidi kidogo kwa asili yake, bluu ikatoka nzuri kuliko hata ya kisimani. Nikapanga beseni tatu, kitambaa kinatoka la kwanza kinaingia la pili mpaka la tatu, na yale maji ya kwanza yenye kemikali nayajaza kwenye dumu, nikaondoka nayo, sikumwaga baharini hata tone. Naomba yeyote atakayefanya hii afanye hivyo, watu wanakula kutoka bahari ile.

Baada ya mwani nikataka nyavu. Nilienda kwa mzee wa wavuvi, nikamsalimia, nikamwonyesha vitambaa vya mwani, nikamwomba ruhusa. Akasema nyavu njoo uzichapishe boti zikirudi, kabla hazijapelekwa kushonwa. Sasa pale mbele kuna mwamba, boti zinaingia maji yakijaa tu, na maji kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo leo wanarudi saa nne asubuhi, baada ya siku tatu wanarudi karibu saa sita na nusu mchana. Na mimi nataka jua la utosini, sababu likiwa juu kabisa kivuli hakikimbii pembeni, kila fundo la uzi linatoka kali, dakika sita tu inatosha, ila ukichelewa mpaka jua limelala kingo zote zinafifia. Nikapiga hesabu: maji kujaa adhuhuri kunarudi kila baada ya wiki mbili hivi, siku nne tano basi, kwa hiyo nilikua na vipindi viwili tu ndani ya residensi nzima. Cha kwanza kiliangukia wiki ya pili nikakipoteza nikihangaika na kukausha na maji. Cha pili kikanikuta niko tayari, vitambaa vimepakwa, pipa limejaa, vijana wawili wa boti wananisaidia kutandaza nyavu zikiwa bado zina chumvi. Siku nne, vitambaa tisa.

Makubaliano na mzee yalikua kila mwenye wavu achague kitambaa chake kwanza kabla yangu. Siku ya mwisho tukavitundika kwenye kamba palepale wanapoanikia nyavu. Mimi nilikua naona ni nyavu tu, zinafanana zote, ila wao kila mmoja alienda moja kwa moja kwenye wake, wanazijua kwa viraka. Mmoja alisimama muda mrefu akaweka kidole kwenye fundo moja akasema hapa alishona marehemu baba. Kilikua ndio kitambaa kizuri kuliko vyote tisa. Nikakishusha, nikamkunjia, nikamwambia asikianike juani muda mrefu na asikifue na sabuni ya unga, bluu itaondoka, maji matupu yanatosha.