Baiskeli, Bamvua na Mbalamwezi: Siku Yangu Mtwara

Siku ya kwanza nilikosea kosa la mtu wa bara. Nimekulia Iringa, na bahari nilikuwa naichukulia kama ziwa: ipo tu, unaikuta pale ulipoiacha. Nilipofika Mtwara mwanzoni mwa Julai, nikakodi baiskeli kwa fundi mmoja wa Chikongola na kuteremka nayo ufukweni Shangani saa tisa alasiri. Nilikuta maji yamejaa. Pa kupita palibaki ule mchanga mkavu wa juu tu, nao ukameza tairi hadi kwenye ringi. Nikaisukuma mpaka Feri, penye kivuko cha kwenda Msanga Mkuu ng'ambo ya maji, upepo wa kusi ukinipiga usoni.

Pale Feri kulikuwa na mzee anashona nyavu. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama baiskeli kwa muda.

"Umekuja maji yamejaa, mwanangu. Keshokutwa mwezi unatimia, ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekwenda mbali kabisa. Hapo ndipo uvuke Msanga Mkuu na baiskeli yako."

Nikakaa naye mpaka nikaelewa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapotimia, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, ndiyo hiyo bamvua: maji yanajaa sana, kisha yanakupwa sana. Kwenye pwani yetu kupwa la bamvua huangukia karibu saa nne asubuhi na kujaa kwake karibu saa kumi jioni. Nani angeniambia haya Iringa? Nikapanga siku yangu yote juu ya hayo. Na kwa kuwa mbalamwezi ndiyo wakati watu wanaoupenda kwa ngoma za usiku, mwezi uleule ungenipa njia asubuhi na ngoma usiku.

Siku yenyewe ilipofika, fundi aliniandalia tyubu ya akiba, solusheni, viraka na pampu. Akanielekeza nikifika mchangani nipunguze upepo hadi tairi libonyee kidogo kwa dole gumba, maana tairi gumu hukata mchanga na tairi lililolegea huulalia. Nikafunga maji lita tatu nyuma, na ming'oko ya kuchemsha niliyonunua kwa mama mmoja sokoni, chumvi na pilipili pembeni kwenye kikaratasi. Mgeni wa Mtwara asiondoke bila kuonja ming'oko. Ni vimizizi vyembamba, unavimenya kwa meno, na vinashibisha kuliko vinavyoonekana.

Tulivuka pamoja na akina mama wenye ndoo na vijana wawili wenye pikipiki. Upande wa pili nikaupita mji wa minazi nikishuka na kuamkia kila penye wazee barazani, mpaka nikatokea upande wa bahari kuu.

Sikuamini. Mahali ambapo juzi ningekuta mawimbi palikuwa na uwanja mpana, mchanga umelowa, una mistari midogo midogo kama mgongo wa mkeka. Nilijifunza upesi kusoma rangi zake. Ule mweupe wa juu unazama. Ule unaong'aa kabisa, karibu na maji, nao unazama, kwa sababu bado umebeba maji ndani. Katikati kuna ukanda wa rangi ya kahawia iliyoiva. Ukiukanyaga kwa kisigino haubonyei. Huo ndio barabara. Nikaufuata kwa zaidi ya saa nzima, kwenda nikipambana na kusi, kurudi ikinisukuma mgongoni hata miguu ikapumzika. Mbele kwenye miamba wanawake walikuwa wameinama wakichokoa pweza kwa vyuma virefu. Mmoja akanipigia kelele nisikaribie, nitapasua tairi. Tayari nilikuwa nimelipasua. Ganda la chaza lilikuwa limeingia kama wembe.

Kiraka kwenye mchanga kina taabu yake. Nilitandika shati, nikaikausha tyubu kwa pindo la kanga aliyoniazima yule dada, nikasugua, nikapaka solusheni na kusubiri ikauke kabla ya kubandika. Nilipomaliza, maji yalikuwa yameanza kurudi. Hayarudi kwa kishindo. Unaona tu kwamba alama ya tairi uliyoiacha nyuma haipo. Nikapanda. Saa saba nilikuwa kivukoni.

Baada ya kupumzika nikashika barabara ya Lindi hadi Mikindani, kama kilomita kumi za lami. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado linang'aa kwa weupe juu ya mji, na kutoka bandari hii ndipo Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho ya bara, mwaka 1866. Mimi nilikaa zaidi chini, kwenye ukingo wa ghuba. Ilikuwa saa kumi, na maji yalikuwa yamejaa pomoni, mikoko imebaki vichwa.

Usiku fundi akanipeleka kwa jirani yake, ambaye watoto wake walikuwa wametoka jandoni. Kwanza akanipeleka kwa wazee kuomba kukaa. Wakaniruhusu, wakaniambia simu ibaki mfukoni, nikaiweka. Vijana walikuwa wakipasha ngozi za ngoma kwenye moto wa makuti, wakizigonga kwa kidole na kuzirudisha mpaka sauti ikakaza. Zile ndogo, vinganga, zina mguu uliochongoka. Walizichomeka ardhini zikasimama zenyewe. Kisha lipiko, mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, akaingia, mwili umefunikwa wote, kichwani kinyago cha uso wa mzee. Alisimama kimya hadi ngoma zote zikanyamaza, akatikisa bega moja, na vinganga vikalijibu bega lile palepale, pigo kwa mtikisiko. Akina mama wakapiga vigelegele. Sijawahi kuona mpiga ngoma na mchezaji wakisikilizana hivyo.

Asubuhi niliirudisha baiskeli baada ya kuiosha kwa maji baridi na kupaka cheni mafuta ya cherehani. Fundi akazungusha pedeli, akainamisha sikio. Bado mchanga ulikuwa ukisaga ndani. Akachukua mswaki wa zamani, akanipa, tukakaa chini kuisafisha cheni pamoja.