Khalati, si mwili wako uliozoea dawa

Jumapili nilishuka Majengo kumuona khalati, nikamkuta jikoni amenya viazi vya karai huku amejikunja upande, namuuliza vipi aniambia ni ile UTI yake, maambukizi ya njia ya mkojo, imerudi tena, mara ya tatu tangu Ramadhani iishe. "Nimekula amoksilini mpaka basi mwanangu. Mwili wangu ushazoea dawa."

Hayo maneno nimeyasikia tangu utotoni. Mamangu huyasema, dereva wa tuktuk huyasema, na kule duka la dawa pia walimwambia hivo hivo kisha wakamuuzia kapsuli kumi, yaani siku tatu na chembe, ya pili yake akaona nafuu, zilobaki akampa jirani mwenye kikohozi. Nilisomea maabara kidogo (sikumaliza, hiyo stori ya siku nyengine) kwa hivo mdomo ukaniwasha.

Mwili wa khalati haujazoea chochote jamani. UTI nyingi huletwa na E. koli, bakteria anayeishi matumboni mwetu, na akipata chakula na joto zuri anajigawa kila dakika 20. Piga hesabu: mmoja saa nne usiku, kufika saa mbili asubuhi ni zaidi ya bilioni moja. Katika kujinakili kote huko lazima makosa yatokee, mengi hayana faida yoyote, lakini mmoja wao kwa bahati tu anatokea na pampu inayotema dawa nje, au kimeng'enya kinachoikata ile amoksilini kabla haijafanya kazi. Wala hakujua dawa inakuja! Dawa ikifika wenzake wanakufa, yeye anabaki na nafasi yote na chakula chote. Ni kama siku askari wa kaunti wamefagia wachuuzi wote Marikiti, mmoja akajificha uchochoroni, kesho yake barabara nzima ni yake na watoto wake.

Mwaka 2016 wanasayansi wa Harvard walionyesha hayo kwa vidio, walitengeneza sinia kubwa lenye urefu wa zaidi ya mita moja, kila mkanda una dawa kali kuliko uliotangulia, wakamwaga E. koli pembeni. Wanafika mpaka, wanasimama, mara anatokea mmoja anapenya. Siku kama 11 hivi walikuwa wanaota kwenye dawa kali mara 1,000. Mie niliitazama usiku nikakosa usingizi.

Lakini linalonitisha zaidi ni kwamba wanapeana. Bakteria anaweza kuwa na kipande kidogo cha DNA cha duara, plasmidi, akamkaribia mwenzake, akamnakilia, na yake akabaki nayo, sawa na weye unavyompa mgeni paswadi ya wifi, hupungukiwi na kitu. Tena si lazima wawe kabila moja. Wajapani waliligundua hili mwisho wa miaka ya 1950, walikuwa na wagonjwa wa kuhara damu ambao bakteria wao, Shigella, wanakataa dawa nne kwa mpigo, kumbe usugu wote unapita kwa pamoja, hata kutoka kwa E. koli wa tumboni ambaye hana ubaya wowote. Kwa hivo zile amoksilini za kikohozi, na kikohozi chenyewe mara nyingi ni virusi havisikii antibayotiki kabisa, zinachuja bakteria wa tumboni tu, wanabaki wenye paswadi.

Fleming, yule aliyegundua penisilini 1928, alipopokea Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa bwana mmoja anayejinunulia dawa kidogo ya koo, haitoshi kuua vijidudu, kisha anamwambukiza mkewe vijidudu sugu na mke anakufa. Wallahi ni kama alikuwa amekaa Majengo. Ila hata yeye alisema dawa kidogo "inawafunza" vijidudu, kana kwamba wanajifunza badala ya kuchujwa, kwa hivo tusimcheke khalati sana.

Nikampeleka akapimwe mkojo, kile kipimo cha kuotesha bakteria, majibu siku tatu. Karatasi ikaja na majina ya dawa, mbele yake herufi: amoksilini R, Septrin R, nitrofurantoini S. Khalati akavaa miwani.

"Hii R ndo nini?"

"Dawa haiwezi."

"Hainiwezi mie?"

"Haiwawezi wao, khalati."

Akanyamaza, akaikunja karatasi akaitia kifuani. Dawa mpya, ile yenye S, ameimaliza, siku tano, na viazi sasa amenya amekaa wima. Jioni ile ya majibu alimpigia jirani amrudishie zile kapsuli. Jirani akamwambia kikohozi kiliisha zamani, zilizobaki alizifungua akawatilia kuku kwenye maji.