Droo ya Herufi M

Wiki iliyopita niliitwa shule. Si kwa ugomvi, Mungu ameepusha. Niliitwa kwa ajili ya vitabu viwili ambavyo havipo duniani. Kijana wangu alipewa kazi ya utafiti kwenye somo la Kiingereza: kurasa nne kuhusu mafuriko ya bonde la Msimbazi, na mwishoni orodha ya alivyosoma. Akaiuliza akili mnemba kwenye simu yangu. Ikampa vitabu vitano, na waandishi wake, na miaka yake, na miji vilikochapishwa. Mwalimu wake, binti mdogo tu lakini macho yako kazini, akavitafuta kimoja kimoja. Vitatu akavipata. Viwili hakuna mtu aliyewahi kuviandika.

"Mama, naomba ukaongee naye nyumbani," akaniambia. Nikaitikia kwa uso wa mzazi. Njiani, ndani ya mwendokasi, mtoto akawa ananiibia jicho akisubiri maneno yaanze. Hayakuanza. Nilikuwa nimegeukia dirishani, naogopa nisije nikacheka.

Maana mimi nilitunga kitabu mwaka 1996, tena bila simu.

Tulikuwa kidato cha pili, mkondo B, na Kiingereza tulifundishwa na mwalimu tuliyemwita Madam, jina jingine hakulihitaji. Shule ya msingi tulikuwa tumesoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba. Tukaingia sekondari, tukakuta hesabu, jiografia, historia, vyote ni Kiingereza. Monita alikuwa na daftari la kuandika majina ya waliokamatwa wakiongea Kiswahili. Mimi nilikuwa mteja wake wa kudumu.

Walimu wengine waliridhika tukikariri hadithi za vitabu vya darasani ili tuzitapike kwenye mtihani wa taifa. Madam alitaka tusome, tuulize watu, kisha tuandike wenyewe. Kila mtu achague kitu kimoja cha Dar es Salaam na atafute kilikotoka. Rafiki yangu akachagua pantoni la Kigamboni. Mimi nikachagua jina la Kariakoo, kwa uvivu tu, kwa sababu babu alikaa Magomeni nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mara mia nilishamsikia akijigamba kwamba baba yake alikuwemo jina hilo lilipozaliwa.

Nikaenda barazani na kalamu. Babu akanisimulia huku anacheza bao, macho hayatoki kwenye kete. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, Septemba 1916, pale kwenye soko walilolijenga Wajerumani wakaweka kambi ya wachukuzi wa jeshi, Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaifanya Kariakoo. Baba yake alikamatwa Kisarawe akitoka shamba, akaletwa hapo kambini, akatwishwa mzigo, akapelekwa Rufiji. Mvua. Unga usioiva vizuri, matumbo yakawaendesha. Malaria. Babu alisema risasi ziliua wachache. Waliobaki waliuawa na njia. Baba yake alirudi, lakini funza walikuwa wamemla vidole vya miguu. Alibaki na vinne, miguu yote miwili kwa pamoja. Babu alisema hivyo, akala kete za mwenzake, akacheka kwa sababu alikuwa ameshinda.

Nikaandika kurasa tatu. Mwishoni, palipotakiwa chanzo, nikaandika: Babu.

Daftari likarudi lina wino mwekundu. Pale nilipoandika kwamba alikamatwa, Madam alikata, juu yake akaandika kwamba aliajiriwa. Na pale penye Babu akauliza, kwa Kiingereza cha kalamu iliyokazwa: ndiye nani huyu? Mwaka? Mchapishaji? Chini akaongeza: jina la mwisho litangulie.

Usiku ule umeme ulikatika nikabaki na kibatari. Babu alikuwa na majina mawili tu, lake na la baba yake. La tatu hakuwahi kulihitaji. Jina la mwisho litangulie. Basi nikaandika la baba yake, koma, la kwake, nukta. Mwaka nikaweka 1968, ulinijia tu. Dar es Salaam. Jina la kitabu nikalifuma kwa Kiingereza kirefu chenye neno "historia" katikati, na mchapishaji nikampa jina la duka tulilonunua mafuta ya taa, nikaongeza "Press" mbele yake. Kikapendeza. Kusema kweli, hadi leo ningekinunua.

Nikapata themanini na mbili. Madam akaisoma kazi yangu mbele ya darasa, hadi ile orodha. Alipoyasoma yale majina mawili alitua kidogo.

"Kitabu hiki umekiona wapi?"

"Maktaba Kuu, Madam." Nilidhani ni mbali.

Jumamosi yake akatupeleka Maktaba Kuu, wanafunzi kumi na wawili waliofanya vizuri. Konda wa daladala alituzuia mlangoni kama kawaida yao kwa madenti, Madam akamtazama, tukapanda. Tukashuka Posta, na kwa kuwa mtafiti wa Kariakoo alikuwepo, akatusimamisha kwanza penye Sanamu ya Askari. Yule wa shaba wa tangu 1927, mwenye bayoneti inayoelekea bandarini. Kabla yake alisimama gavana wa Kijerumani, Wissmann, mpaka Waingereza walipomng'oa. Nikaambiwa niwasomee wenzangu kibao. Kina Kiingereza, kina Kiswahili, tena na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nikasoma cha Kiingereza, ningefanyaje. Kinawakumbuka askari Waafrika, na wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho kinaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Rafiki yangu wa pantoni akaizunguka sanamu nzima, akarudi, akauliza kwa Kiswahili, amejisahau: "Sasa majina yako upande gani?"

Monita akatoa daftari, akaandika la kwake.

Maktaba Kuu, ile iliyofunguliwa mwaka 1967, mabegi yanabaki mlangoni na sauti pia. Kompyuta hatukuziona. Tuliona makabati ya droo ndogondogo kama ya duka la dawa za Kihindi, kila droo na herufi yake usoni, ndani kadi zimetobolewa chini na kupitishiwa chuma ili mtu asizichomoe. Wenzangu wakatawanyika kwenye rafu. Mimi Madam akaniwekea mkono begani.

"Mwandishi wako anaanza na herufi gani?"

"M, Madam."

Akaivuta ile droo. Bado naisikia, mbao inavyojikwaruza juu ya mbao. Madam alivaa saa uso wake ukiwa ndani ya mkono, na kwenye ukucha wa kidole gumba alikuwa na chaki ambayo haikuwahi kutoka tangu nimjue. Akaanza mbali kabisa, akawa anaziangusha kadi kwa ncha ya kidole, chap, chap, chap, na mimi nikaanza kuomba dua za kijinga: umeme ukatike, mtu azimie, nizimie mimi. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, kadi zinatoa harufu ya gundi kuukuu. Nilimwona mtumishi wa maktaba anatutazama nikamwomba kwa macho aje kutufukuza. Hakuja. Madam akakaribia, akapunguza mwendo, kama daladala inayokaribia kituo na hakuna aliyesema shusha.

Akafika mahali lilipopaswa kuwepo lile jina. Kadi ya upande huu ilipigwa mashine, jina la Mzungu. Kadi ya upande ule iliandikwa kwa mkono, wino wa bluu umefifia. Katikati, ukucha wenye chaki. Akarudi kadi moja nyuma, akaisoma. Akaenda kadi moja mbele, akaisoma. Akarudi katikati na hapo akakaa. Nilikuwa nasikia mapigo ya moyo wangu kwenye masikio. Halafu akalitamka jina la baba yake babu, lote, taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo hajui kama ina wenyewe.

Akairudisha droo.

"Bado hawajamwandika," akasema.

Kwa Kiswahili. Madam, ambaye hata kikohozi chake kilikuwa cha Kiingereza. Nikamtafuta monita kwa macho, alikuwa mbali na magazeti. Madam akaenda zake kuwaangalia wengine, na suala la kitabu changu halikuzungumzwa tena, si siku ile wala mpaka tunamaliza kidato cha nne.

Miaka mingi nimekaa na ile "m". Hakusema hawajakiandika. Kitabu ni ki-, hata mtoto anajua, na yule alikuwa mwalimu wa lugha. Au ulimi uliteleza tu. Ukishinda na Kiingereza kutwa nzima hata ngeli zinalegea. Sijui. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi Madam alituita rejista kwa majina matatu: lako, la baba, la babu. Lile la tatu kwenye rejista ndilo lililokuwa baada ya koma kwenye kitabu changu. Mimi niliyejiona mjanja nililigundua hilo nimeshaolewa, siku ninajaza fomu za kitambulisho cha taifa, kalamu imefika kwenye nafasi ya tatu na nafasi zimeisha. Baba yake babu hana pa kukaa kwenye majina yangu matatu.

Madam nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, Mtaa wa Kongo, anachagua vitenge. "Shikamoo, Madam." Akanikazia macho, kisha akaniita majina yote matatu, kama asubuhi. Mimi nilisikia amelivuta lile la mwisho. Huenda ni kelele za Kariakoo. "Marahaba, mwanangu." Tukaongea bei za vitenge. Sikumuuliza kuhusu droo, na sikumuuliza kuhusu lile neno "aliajiriwa", ambalo bado linanikera. Daftari lenyewe lilikwenda na maji ya Desemba 2011, pamoja na godoro na picha za harusi.

Basi tumefika nyumbani, nimevua viatu, kijana bado amesimama.

"Mama, sasa kwenye vile viwili niweke nini?"

"Mafuriko ya Msimbazi, na wewe hukuniuliza mimi?"

"Wewe si kitabu."

Nikamwambia akae. Nikamsimulia maji yalivyotuingilia, yeye nikiwa nimembeba mgongoni na hajui lolote. Kabati lilivyoelea likaziba mlango. Jirani zetu waliopelekwa Mabwepande wakaanza upya kwenye mahema. Aliandika ukurasa na nusu, nikamfuta neno moja, nikajishtukia, nikamrudishia.

"Nikuandikeje?"

"Jina la mwisho litangulie."

Akaandika jina la babu, koma, langu.

"Mwaka?"

"2011."

"Mchapishaji?"

Hapo nikamwambia aache wazi, nikatoka nje kuwaangalia kuku.