Boliti ya Nne

Onyo tulilopewa asubuhi ile lilikuwa moja: midomo funga. Sisi watu wa kampuni tulipangwa nyuma ya kamba. Mbele yetu gari la mfano lilikuwa limefunguliwa boneti, na kando yake alisimama askari fundi wa Jeshi la Marekani, binti wa miaka ishirini na ushei, kitabu cha matengenezo mkononi na sanduku la vifaa miguuni. Lilikuwa jaribio la matengenezo: kazi yake ilikuwa kubadilisha altaneta, kifaa kinachozalisha umeme wa gari, kwa kufuata kitabu tu. Hakuruhusiwa kutuuliza lolote, na sisi hatukuruhusiwa kumwelekeza hata kwa kukohoa. Mtumishi wa serikali mwenye saa ya kupimia muda alihesabu, akabonyeza, kazi ikaanza.

Tulikuwa Aberdeen, jimbo la Maryland, kwenye uwanja wa majaribio wa jeshi uliopo tangu mwaka 1917 kando ya ghuba ya Chesapeake. Ilikuwa Februari na upepo wa majini uliingia mpaka ndani ya banda. Programu yenyewe sitaitaja, wala kampuni. Ilikuwa ya magari ya deraya, na mimi nilikuwa upande wa umeme.

Kwa asiyezijua kazi hizi: gari la kijeshi la Marekani halitoki kwenye karatasi likaenda moja kwa moja kiwandani. Kuna malango ya kuvuka. Lango la pili, Mailstoni B, ndilo linalofungua hatua ya uhandisi na maandalizi ya uzalishaji, ambapo mkataba mkubwa unasainiwa, michoro inakamilishwa na kupitiwa, magari ya mfano yanaundwa na kuteswa. Ukifaulu unavuka Mailstoni C na kiwanda kinaanza kuzalisha, kwanza kidogo kidogo. Gari jepesi la deraya liitwalo JLTV, lililokusudiwa kuchukua kazi nyingi za Humvee, gari la jeshi la siku nyingi, baada ya mabomu ya barabarani ya Iraq na Afghanistan, lilipita njia hiyo. Agosti 2012 jeshi liliipa mikataba ya hatua hii AM General, Lockheed Martin na Oshkosh, kila moja ikaleta magari 22 ya kujaribiwa, na Agosti 2015 Oshkosh ikachaguliwa kuzalisha. Miaka mitatu, na kampuni mbili zikarudi nyumbani mikono mitupu. Na muda wote huo gharama inaangaliwa na sheria ya Nunn-McCurdy. Bei ya kila gari ikizidi mpango uliopo kwa asilimia 15, Bunge lazima liarifiwe. Ikizidi kwa 25, programu inafutwa isipokuwa Waziri wa Ulinzi aithibitishe upya. Ndiyo maana kila mtu katika hatua hii ana haraka, na kila kasoro inayojitokeza inaonekana kama adui.

Binti alianza vizuri. Alikata umeme wa betri, akalegeza mkanda, akashika boksi spana kama mtu aliyezaliwa nayo. Boliti ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa nyuma, na nati yake upande wa pili ilihitaji spana nyingine ya kuizuia isizunguke. Aliingiza mkono wa kulia, ukakwama. Akauingiza wa kushoto kutokea chini, kifua kimelalia fenda, shavu kwenye chuma baridi. Alipoutoa, ngozi ya kifundo cha mkono ilikuwa imechunika. Akachukua kioo kidogo na tochi, akatazama, akajaribu tena.

Mimi nilijifunza spana kwenye gereji ya mjomba wangu Tanga, kwenye Land Rover, na boliti isiyoonekana naijua. Unaitafuta kwa ncha za vidole huku umefumba macho. Nilijua pia kilichomzuia. Mbele ya nati ile palikuwa na klampu iliyoshika fungu nene la waya, na klampu hiyo haikuwapo kwenye mchoro wa kwanza. Miezi kadhaa nyuma, gari la mfano lilipopitishwa kwenye barabara ya mawe ya Munson, palepale Aberdeen, mtikisiko ulifanya waya zisuguane na chesi mpaka ganda likaanza kulika. Klampu ikaongezwa ili kuzishika. Kwa tatizo lile, ilikuwa dawa sahihi kabisa, na waya hazikusuguana tena.

Ila kuna kiwango cha kijeshi, MIL-STD-1472, kinachotaka kifaa kiweze kushughulikiwa na watu wa maumbile mengi, kuanzia mwanamke mdogo anayewazidi asilimia 5 tu ya wenzake kwa vipimo vya mwili hadi mwanamume anayewazidi asilimia 95. Wenzetu walikuwa wameupima mkono wa mwanamke huyo kwenye kompyuta, ukapita. Waliupima kabla ya klampu.

"Sajenti," binti akasema hatimaye, bila kugeuka, "mkono haufiki."

Sajenti wake akamwambia aendelee kama kitabu kinavyosema. Aliendelea. Boliti ilitoka, lakini muda uliopangwa ulikuwa umekwisha zamani, na bado hakuwa amejaribu na glavu nene za kujikinga na kemikali, ambazo zilikuwa kwenye orodha ya mchana.

Jioni tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli, kahawa za karatasi mezani. Msimamizi wetu alikuwa na pendekezo lililoonekana la busara: tuongeze sentensi kwenye kitabu cha matengenezo, "tumia kioo na kiungio kirefu", kisha tuombe tukio lihesabiwe kuwa upungufu wa maelekezo badala ya usanifu. Karatasi hubadilishwa kwa siku chache. Kuhamisha klampu kunataka kupita kwenye bodi ya mabadiliko, kwa sababu michoro ikishapitishwa haiguswi kiholela, kisha gari lirudi kwenye mawe kuthibitisha kwamba waya hazisuguani. Na Mailstoni C ilikuwa inakaribia.

Mhandisi mmoja mtu mzima kutoka Detroit, aliyekuwa ameanza kazi hizi kabla mimi sijavuka bahari, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, "Kijana, gari likiwa porini usiku, kioo kitashikwa na nani?"

Nikamjibu kwamba hakuna atakayekishika, kwa sababu mkono mmoja una spana mbele na wa pili una spana nyuma. Nikaongeza nilichokuwa nimekifikiria tangu asubuhi: nati ichomelewe kwenye breketi, spana ya pili isihitajike kabisa, na klampu ipande juu kidogo, upande wa pili wa fungu la waya. Ubishi ulikuwa mrefu. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliibeba ratiba ambayo sisi wengine tuliisoma tu. Lakini hoja iliyoshinda ilikuwa ya hesabu. Leo tulikuwa na magari machache ya mfano na mchoro mmoja. Tukivuka lango na kasoro, tutakuwa tunayafuata mamia ya magari kambini na mashine ya kuchomelea. Mwaka 2012 Frank Kendall, aliyesimamia ununuzi wa silaha Pentagon, alilalamika hadharani kwamba ndege ya F-35 iliingizwa kwenye uzalishaji mapema mno, majaribio yakiwa nyuma. Mezani pale hakuna aliyetaka kuwa mfano mwingine, hata kwa boliti moja.

Bodi ilipitisha. Gari likarudi kwenye mawe, waya zikatulia. Jaribio la matengenezo liliporudiwa, askari alikuwa mwingine, naye amevaa glavu, na boliti ya nne haikumchukua muda mrefu kuliko zile tatu.

Baadaye nilitumwa kiwandani kuona breketi mpya ikifungwa kwenye magari ya kwanza. Fundi wa kuunganisha, mtu wa makamo, aliigeuzageuza mkononi, akaipapasa nati iliyochomelewa. Akaniambia kwamba kwenye yale magari ya mfano, boliti ile ndiyo iliyomchelewesha kuliko zote kuifunga, na alishangaa kwamba tangu mwanzo hakuna aliyekuja kumuuliza. Nilitoa daftari nikamwomba anionyeshe nyingine zinazomsumbua. Alizijua kwa mpangilio, kuanzia taa za mbele hadi bampa ya nyuma, na tulizunguka gari pamoja mpaka king'ora cha kubadilisha zamu kilipolia.