Safu ya Mtunzi

Fomu ilikuwa na safu tatu: jina la wimbo, mtunzi, na ni mara ngapi umepigwa kwa wiki. Ililetwa na meneja wa burudani alasiri moja ya mwaka 1995, tukiwa tunatandaza nyaya za spika kando ya bwawa la kuogelea la hoteli moja huko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Chama cha hakimiliki kilitaka kujua bendi za mahotelini zinapiga nyimbo za nani, ili ada inayolipwa na hoteli iwafikie wenyewe. Mzee wetu wa bendi aliipokea, akaitazama kidogo, akanikabidhi mimi.

"Wewe ndiye uliyesoma. Ijaze, kesho nitie sahihi."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, napiga gitaa la ridhim na kuitikia sauti ya pili. Karibu kila tulichopiga kilikuwa kopi. Wajerumani na Waingereza waliokuja kula chakula cha jioni walitaka nyimbo wanazozijua, nasi tulikuwa nazo thelathini na mbili zilizoiva. Nikakaa kwenye chumba cha nyuma ya jiko, tulikokuwa tukibadilishia nguo, nikaijaza fomu kwa dakika ishirini. Elvis Presley. Kenny Rogers. UB40. Bob Marley. Boney M. Michael Jackson. Whitney Houston. Kwa "Malaika" nikaandika Fadhili William. Kwa wimbo tuliokuwa tukifungia kila usiku, wenye mwendo wa chakacha, ambao niliamini umekuwapo tangu enzi za mababu, nikaandika "wa kiasili".

Mzee alivaa miwani akasoma polepole mpaka chini, kisha akarudi juu akasoma tena. Hakukasirika.

"Mwanangu, hapa umeandika waimbaji. Wao wameuliza mtunzi."

"Si ndio hao hao, Mzee?"

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Kanda tulizojifunzia zilikuwa za kurekodiwa mitaani, na karatasi ya ndani ilikuwa fotokopi yenye picha ya mwimbaji na orodha ya nyimbo, basi. Tangu utotoni wimbo kwangu ulikuwa sauti na uso. Kwamba mtu mwingine, asiye na picha, aliwahi kukaa mahali na kalamu akaanza na karatasi tupu, hilo halikuwahi kunipitia.

"Jumapili asubuhi twende Majengo," Mzee akasema. "Njoo na fomu nyingine tupu."

Tulipanda matatu mpaka Mwembe Tayari, tukatembea. Mwenyeji wetu alikuwa rafiki wa Mzee wa tangu ujanani, fundi mitambo mstaafu wa Sauti ya Kenya. Chumba chake cha mbele kilikuwa na kochi moja na santuri kuta tatu nzima, zimesimamishwa wima kama vitabu vya madrasa. Mkewe alituletea mahamri na mbaazi. Tulipomaliza, fundi alitupeleka bombani tunawe, akatupa taulo, akasubiri mpaka mikono ikauke kabisa. Ndipo akatoa santuri ya kwanza.

"Usiangalie jalada. Angalia katikati."

Kwenye lebo ya duara, chini ya jina la wimbo, kulikuwa na mabano, na ndani yake herufi ndogo sana. Ilikuwa "Lady" ya Kenny Rogers, ya mwaka 1980, wimbo ambao mama yangu alikuwa akiongeza sauti ya redio kila ulipopigwa. Kenya ilimpenda Kenny kama mjomba wa kila nyumba. Ndani ya mabano: L. Richie. Lionel Richie! Nilikuwa nikimjua kwa nyimbo alizoimba mwenyewe, kumbe na huu aliukata yeye akampa mwenziwe auvae. Fundi akaleta "Islands in the Stream", aliouimba Kenny na Dolly Parton mwaka 1983. Mabano yalikuwa na ukoo mmoja mara tatu: Gibb, Gibb, Gibb. Ndugu watatu wa kundi la Bee Gees. Kisha "The Gambler": D. Schlitz. Huyo hata fundi hakuwa na habari zake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Don Schlitz aliutunga mwaka 1976, akiwa na miaka 23, akifanya zamu za usiku kwenye kompyuta za chuo kikuu huko Nashville. Wengine waliurekodi kabla Kenny hajaufikia mwaka 1978.

Nikawa nafuta na kuandika, nafuta na kuandika.

Kwa UB40 nilikuwa na uhakika. "Red Red Wine" ni rege, na rege ni ya Jamaika. Mabano yalisema N. Diamond. Ni Neil Diamond, Mmarekani wa New York, aliyeutoa mwaka 1967 kama wimbo wa huzuni wa taratibu. UB40 wenyewe waliujua kupitia toleo la Mjamaika Tony Tribe, na wamesimulia kwamba walipoliona lile jina, N. Diamond, walidhani ni Mjamaika fulani aitwaye Negus Diamond. Yaani wao walioupeleka hadi namba moja Uingereza mwaka 1983 walikuwa wamekosea kama mimi.

Bob Marley naye. "No Woman, No Cry", tuliyokuwa tukiipiga watu wakishikana mabega: V. Ford. Vincent Ford alikuwa rafiki yake wa Trenchtown, mtu aliyekuwa na jiko la kulisha watu mtaani, na Bob alipokuwa hana kitu alikula hapo. Mpaka leo wako wanaobishana kama Ford aliutunga kweli au Bob alimwandikia jina ili fedha za wimbo ziendelee kuwasha lile jiko. Mimi nafurahi kwa vyovyote vile.

"Rivers of Babylon", waliyoifanya maarufu Boney M mwaka 1978, na ambayo Wajerumani wetu waliiimba mpaka tukanyamaza tukawaachia, ilikuwa ya Brent Dowe na Trevor McNaughton wa The Melodians, Wajamaika, ya mwaka 1970. Fundi alisema, "Na kabla yao, Zaburi ya 137," lakini fomu haikuwa na nafasi hiyo.

Alipofika kwa Elvis alikaa chini. Nadhani ndiye aliyemuuma zaidi. Akanipa "Don't Be Cruel" ya mwaka 1956 nisome mwenyewe. Majina mawili: Blackwell, Presley.

"Futa la pili moyoni, hata kama kwenye fomu utaliacha," akasema.

Otis Blackwell alikuwa kijana mweusi wa Brooklyn. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1955, akiwa na shida ya fedha, aliuza nyimbo sita kwa dola 25 kila mmoja, na huu ulikuwa mmojawapo. Ulipochaguliwa na upande wa Elvis, sharti likawa jina la Elvis liingie kwenye mabano na mapato yagawanywe. Blackwell alikubali. "All Shook Up" ni yake pia. "Return to Sender" aliitunga pamoja na Winfield Scott. Hata "Great Balls of Fire" ya Jerry Lee Lewis ina mkono wake. Alikuwa akirekodi kanda ya mfano, sauti yake na kinanda, na ukisikiliza kanda hizo unasikia ile kwikwi ya koo tunayoiita ya Elvis. Watu hao wawili hawakuwahi kukutana uso kwa uso.

Mzee wetu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, aliuliza, "Alilipwa lakini?"

"Alilipwa nusu. Na nusu ya Elvis si haba. Mwimbaji hulipwa akipanda jukwaani. Mtunzi hulipwa hata akiwa amelala, ikiwa jina lake limeandikwa." Akatueleza kwamba Marekani redio ikipiga wimbo hulipa mtunzi na mchapishaji wake, na mwimbaji hapati kitu. Ndiyo maana wakubwa waliyagombania mabano. Dolly Parton aliyakatalia. "I Will Always Love You" aliuandika kumuaga mwimbaji Porter Wagoner alipokuwa akiondoka kwenye kipindi chake cha televisheni, akautoa mwaka 1974. Elvis alitaka kuurekodi, meneja wake akadai nusu ya haki. Dolly amesimulia mwenyewe kwamba alilia usiku kucha, lakini hakutoa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, na sisi pwani tukaufanya wimbo wa harusi, ingawa ni wimbo wa kuachana.

Kwa Michael Jackson niliona jina ambalo sijaacha kulifuatilia. "Rock with You": R. Temperton. "Thriller": R. Temperton. Rod Temperton alikuwa Mwingereza mweupe kutoka Cleethorpes, mji mdogo wa pwani, na kabla ya muziki alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa barafu huko Grimsby. Wakati ule kaka yangu alikuwa akipakia samaki wa barafu Mombasa, anarudi nyumbani vidole vimekufa ganzi. Niliposoma habari za Temperton nilimpigia simu kaka kumwambia, naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza niurudie mji ule, Grimsby, nao una bandari?

Na Whitney mwingine, "Greatest Love of All": Masser, Creed. Mwandishi wa maneno ni Linda Creed wa Philadelphia. Aliyaandika kwa filamu ya mwaka 1977 ya maisha ya Muhammad Ali, akiwa anaumwa saratani ya matiti, na George Benson ndiye aliyeuimba kwanza. Creed alifariki Aprili 1986. Toleo la Whitney lilifika namba moja Marekani mwezi uliofuata. Tuliupiga wimbo huo kila Ijumaa kwa miaka miwili, nami nilikuwa nikiimba maneno ya mgonjwa bila kujua.

Adhuhuri ilipokaribia tulifika kwa wimbo wa simba, "The Lion Sleeps Tonight", ambao watalii walidhani ni wetu. Lebo ya santuri ya The Tokens ya mwaka 1961 ilikuwa na majina ya watunzi wa New York. Nikaanza kuyanakili. Fundi akanishika mkono.

"Hapa lebo yenyewe ndiyo inayodanganya."

Nyimbo hiyo ni "Mbube", akasema, ya Solomon Linda, Mzulu aliyeirekodi Johannesburg mwaka 1939 akauza haki zake kwa shilingi kumi. Alifariki mwaka 1962, maskini. Siku ile Majengo hakuna kati yetu aliyejua kwamba binti zake wangeenda mahakamani na kufikia makubaliano mwaka 2006. Tuliandika Linda kwa kalamu yetu, mbele ya wale wengine.

Kwa "Malaika" walibishana wao kwa wao. Jina la Fadhili William lilikuwa kwenye lebo, lakini fundi alimtaja Adam Salim, Mzee akamtaja Grant Charo, kila mmoja ana wanaomwamini. Tukaliacha la kwenye lebo.

Ukabaki mstari mmoja. Mimi nilikwisha uandika upya: wa kiasili. Fundi aliusoma, akaenda kwenye rafu ya chini kabisa, akatoa santuri ndogo ya nyimbo mbili, akaniwekea mkononi. Jina la wimbo wetu wa kufungia. Jina la mwimbaji nisiyemjua. Chini, ndani ya mabano: Trad.

"Ndivyo nilivyoandika," nikasema. "Wa kiasili."

Hakuna aliyejibu. Mzee alikuwa akiitazama kahawa yake.

"Mwambie," fundi akasema.

Aliutunga mwaka 1968, akiwa kibarua bandarini Kilindini, usiku wa kusubiri meli iliyochelewa. Alikwenda Nairobi na kikundi, akapiga gitaa kwenye rekodi ile, akalipwa posho ya siku na nauli. Santuri ilipotoka alirudi kuuliza. Karani alimwambia kwamba ngoma za pwani hazina mwenyewe. Alilisimulia bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei ya unga. Nami nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, usiku baada ya usiku, nikimwitikia kwenye wimbo wake, na kwa mkono wangu nilikuwa nimemfuta mara mbili.

Jioni ile hatukuwa na onyesho, lakini alitaka fomu ikamilike hotelini, kwenye chumba chetu. Nilitia karatasi ya kaboni kati ya fomu mbili safi, nikanakili zote thelathini na mbili kwa mwandiko wa pole. Nilipofika mstari wa mwisho nikasimamisha kalamu, kwa kuwa sisi sote tulimwita Mzee tu na sikuwa na hakika ya majina yake yote. Akanitajia matatu: lake, la babake, la babu yake. La babu nililikosea, akaniambia lina "dh", si "z". Nikalisahihisha, nikakandamiza kalamu.

Alitia sahihi. Kisha akaichomoa ile karatasi ya chini, akaiinua kwenye taa ya chumba, macho yake yakateremka moja kwa moja mpaka mwisho wa ukurasa, kuona kama jina limeshika.