Kalkuleta tatu, majibu matatu

Juzi binti yangu, yuko kidato cha tano, kanisogezea kalkuleta usoni. "Mama, hii imeharibika. Sine ya nyuzi 30 inasema hasi 0.988." Haikuharibika. Juu ya kioo kulikuwa na herufi ndogo R, yaani radiani, kipimo cha pembe ambacho duara zima lina 2π. Nikamwambia abonyeze SHIFT, MODE, kisha 3. Ikarudi D, yaani nyuzi, akapata 0.5, akaenda zake. Mimi nikabaki nawaza ile semina ya kalkulasi, mwaka wa kwanza pale Mlimani.

Wengi tulifika chuo tukijua kudifarenshieti harakaharaka, yaani kutafuta derivativu, kasi ambayo fomula inabadilika. Kipeo kinashuka mbele, kinapungua moja. Sine inakuwa kosine, basi. Wiki za mwanzo ziliishia kwenye vikomo, yaani thamani ambayo kitu kinaikaribia, na mwendelezo. Halafu siku hiyo mkufunzi msaidizi, kijana mpole mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye viwiko, akaandika sin x ubaoni na kusema leo hakuna kukariri. Anzeni mwanzo kabisa.

Yaani [sin(x + h) − sin x]/h, kisha uiache h iende sifuri. Kosa la kwanza huwa hapohapo: mtu anaandika sin(x + h) kuwa sin x + sin h, sin x zinafutana, anabaki na jibu lisilo na x hata moja. Ukiifungua sawasawa ni sin x cos h + cos x sin h, na ukishakusanya, kazi yote inaning'inia kwenye vipande viwili: (cos h − 1)/h na sin h/h. Cha kwanza kinaenda sifuri (zidisha juu na chini kwa cos h + 1 utaona). Cha pili kinaenda 1, ndipo inabaki cos x. Lakini nani kasema ni 1? Ukiweka h = 0 unapata sifuri juu ya sifuri.

Jamaa mmoja wa nyuma akapendekeza kanuni ya L'Hôpital, ile ya kudifarenshieti juu na chini ukikwama kwenye sifuri juu ya sifuri. Mkufunzi akatabasamu: kanuni hiyo inataka uwe tayari na derivativu ya sine, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. "Toeni kalkuleta."

Kwenye sin h/h tukaweka h = 1, kisha 0.1, kisha 0.01. Wa dirishani wakasoma 0.8415, 0.9983, 0.99998. Wa mlangoni wakasoma 0.01745, 0.01745, 0.01745, na wao ndio waliojiamini zaidi, maana namba yao haikuyumba. Dada mmoja mwenye kalkuleta ya kuazima akasema taratibu, "Mwalimu, yangu ni 0.01571." Darasa likaangua kicheko.

Mkufunzi hakufuta hata moja. Aliziandika zote tatu kwa mstari, akamwambia mmoja wa mlangoni achukue tarakimu zote za kwenye kioo azidishe kwa 180, na yule dada azidishe zake kwa 200. 3.14159. Na yule dada: 3.14159. Kicheko kikakatika.

Kumbe kalkuleta ya dada ilikuwa kwenye G, yaani gredi, ambazo duara zima lina 400. Za mlangoni zilikuwa kwenye D, za dirishani kwenye R. Hakuna iliyokosea.

Kisha akachora duara la nusukipenyo 1, pembe h ndogo katikati. Pembetatu ya ndani ina eneo la nusu ya sin h. Kipande cha duara, nusu ya h. Pembetatu kubwa inayotoka nje hadi kwenye tanjenti, nusu ya tan h. Kwa hiyo sin h < h < tan h. Gawa kote kwa sin h, pindua juu chini: cos h < sin h/h < 1. cos h inapanda kuelekea 1, na iliyobanwa katikati haina pa kukimbilia. Hapo akagonga chaki kwenye kile kipande cha kati. "Hii nusu ya h mmeitoa wapi?"

Ni nusu ya h kwa radiani tu. Kwa nyuzi eneo hilo ni πh/360, na matokeo yake derivativu ya sine inakuwa (π/180) cos x. Difarenshieti tena, π/180 inaingia tena. Kila hatua inakudai.

Sina hakika kama siku ile nilijifunza kalkulasi au nilijifunza kutazama kona ya kioo kabla ya kubonyeza. Labda ni kitu kimoja.

Testi ilipokuja, swali moja lilikuwa: y = sin x°, tafuta dy/dx. Lundo la watu waliandika cos x° wakageuza ukurasa. Tulibishana hadi kwenye foleni ya chakula kama lile lilikuwa swali halali au mtego. Mimi mpaka leo nasema lilikuwa halali, ila kale kaduara ka nyuzi wangekachapa kakubwa kidogo.